Mwisho wa Peponi umenikera. Nina haki ya kusema?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Masasi, karani wa chama cha msingi cha korosho. Msimu ukishapita napata nafasi ya kusoma. Mwaka huu nimesoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah, kumbukumbu za Mzee Mkapa, na nimerudia Kinjeketile ya Ebrahim Hussein niliyoisoma zamani shuleni. Tuna kikundi cha wasomaji, tunakutana Jumapili. Ilipofika zamu yangu nikasema wazi: Peponi nimeipenda lakini mwisho umenikera, Yusuf ameniangusha. Kitabu cha Mzee Mkapa ni kitamu kwenye utoto wa Lupaso, ila kikifika Ikulu kinachosha. Na kwenye Kinjeketile sikuyakuta ya bibi yangu, mzaliwa wa Kipatimu. Bibi alipokuwa akitusimulia Maji Maji aliyoyapokea kwa mama yake, maji aliyataja mara moja tu. Muda wote uliobaki alizungumzia njaa, na watu kuchimba ming'oko, mizizi ya kuliwa, porini. Wenzangu wakanijia juu: wewe ni nani hata umkosoe mshindi wa Nobel, Rais marehemu na gwiji wa tamthiliya? Je, nina haki? Maoni ya namna hii yanaandikwaje yasiwe umbea? Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Na nisome nini baada ya hapo?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Haki unayo, na umeipata kwa njia inayostahili: umevisoma vitabu vyenyewe, na kimoja umekirudia ukiwa mtu mzima. Hakuna cheti kingine kinachotakiwa. Mwandishi akishatoa kitabu kikauzwa, amekikabidhi kwa kila atakayekifungua, awe profesa wa Dar es Salaam au karani wa Masasi anayesoma mzani ukishafungwa.

Wenzako nao wana sababu zao, na nazifahamu kwa sababu nimefundisha fasihi huku Mtwara miaka mingi. Shuleni hatukuzoeshwa kuulizwa tumeonaje. Swali la mtihani linataka utumie riwaya mbili kujadili dhamira, mtoto anapanga hoja zake sita, kila hoja na mfano wake, anapata alama zake. Mtu anaweza kumaliza kidato cha sita amechambua Vuta n'kuvute nzima bila hata siku moja kuulizwa kama ilimkosesha usingizi. Ndiyo maana mtu mzima akitakiwa atoe maoni juu ya kitabu, anarudi kwenye dhamira na ujumbe, au anasema ni kizuri sana, hongera mwandishi. Sababu ya pili ni heshima. Kwetu marehemu hasemwi vibaya na mkubwa hakosolewi mbele za watu. Ni desturi njema na sitaki uitupe. Lakini umbea humhusu mtu, maoni huhusu ukurasa. Ukisema sura fulani imekuchosha na ukaonyesha ni ipi na kwa nini, hujamgusa mtu heshima yake.

Twende kwenye Peponi, maana hapo ndipo uliposhikwa zaidi. Unasema Yusuf amekuangusha. Mimi naona umeisoma riwaya hiyo vizuri kuliko unavyodhani, ila umesimama hatua moja kabla ya kufika.

Yusuf anachukuliwa nyumbani ana miaka kumi na miwili, rehani ya deni la baba yake kwa tajiri Aziz anayeitwa "ami" ilhali si ami wa damu. Anakua kijana mzuri wa sura, mke wa tajiri anamtamani, anamshika, na kanzu ya kijana inachanika kwa nyuma. Hapa msomaji wa kwetu anashtuka, kwa sababu kisa anakijua tangu utoto. Aliyesoma chuoni anaikumbuka Surat Yusuf, ambamo kanzu iliyochanika kwa nyuma ndiyo inayomtetea Nabii Yusuf. Aliyelelewa kanisani, kama wengi wa hapo Masasi, analikumbuka vazi lililobaki mkononi mwa mke wa Potifa. Gurnah hakuliweka tukio hilo kwa bahati. Amekupa kisa unachokijua, na wewe ukaanza kungoja mwisho unaoujua: mtumwa atoke kifungoni, akabidhiwe hazina za Misri, awaokoe ndugu zake na njaa.

Sasa rudia kurasa mbili za mwisho. Wajerumani na askari wao wamekuja kukamata watu. Yusuf na Khalil, mwenzake wa dukani kwa Aziz, wamejifungia dukani, wamenusurika. Msafara ukiondoka, Yusuf anatoka kutazama mahali askari walipokuwa wamepiga kambi. Anawaona mbwa wakila kinyesi kilichoachwa pale. Halafu anasikia nyuma yake, upande wa bustani, sauti kama ya milango inayofungwa kwa makomeo. Anatazama huku na huku, anakimbia kuufuata msafara, macho yanamwasha. Riwaya imekwisha. Hakuna hazina, hakuna Misri. Kijana aliyekuwa mali ya mfanyabiashara anajipeleka mwenyewe kwa mwenye bunduki.

Kukereka kwako kunatoka hapo. Umeahidiwa Nabii Yusuf, ukapewa kijana asiye na pa kwenda. Kwa hiyo usiandike "mwisho umenikera" ukanyamaza. Andika hivi, kwa maneno yako: "Kanzu ilipochanika nilianza kumngojea Yusuf apande cheo kama yule wa kwenye kitabu kitakatifu. Alipokimbilia askari nilihisi nimeibiwa. Nikarudi nyuma kutafuta mlango mwingine ambao angeweza kuutumia, sikuuona." Au kama umeuona mlango huo, uonyeshe. Labda utasema angeweza kwenda kumtafuta mama yake. Labda utasema Amina, dada yake Khalil, aliachwa kirahisi mno, na hilo mimi ningekuunga mkono: mwandishi anampa dada huyo maneno makali na ya kweli kuhusu maisha yake, kisha anamwacha ndani ya ua, nasi tunatakiwa tumsahau tukimfuata kijana. Hayo ndiyo maoni ya wazi. Yanaweza kupingwa na mtu aliyefungua kitabu kilekile, na kupingwa huko ndiko kunakokifanya kikundi cha Jumapili kiwe na faida.

Kuna jambo jingine ambalo wewe wa Kusini unalo, na mhakiki wa London hana. Ule msafara wa askari, ukiufuata kwenye historia, unafika kwetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, mapigano ya Mahiwa na Nyangao ya Oktoba 1917 yalikuwa miongoni mwa yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote Afrika Mashariki, na mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma na askari na wapagazi wake. Mahiwa na Nyangao unazipita ukienda Lindi. Ukiandika kuhusu uamuzi wa Yusuf huku unajua ardhi ambayo askari kama yeye walifia, maoni yako yanabeba kitu ambacho hakimo kwenye uhakiki mwingi niliousoma. Usikifiche eti kwa sababu si cha kisomi.

Kitabu cha Mzee Mkapa, My Life, My Purpose, kilitoka 2019, mwaka mmoja kabla hajafariki. Hiki ni cha aina nyingine na kinapimwa kwa kipimo kingine. Riwaya ina deni kwa watu iliowaumba yenyewe. Yusuf akitenda jambo ambalo Yusuf hangeweza kulitenda, riwaya imekosea. Kumbukumbu zina deni kwa mambo yaliyotokea, na kwa watu wengine waliokuwapo yalipotokea. Kwa hiyo neno "kinachosha" halitoshi hapa. Jiulize kwa nini Lupaso ni tamu na Ikulu inachosha, ilhali mwandishi ni yuleyule.

Mimi naona hivi: mtu akikumbuka utoto hana kesi ya kujibu. Anasimulia tu nyumbani, misheni, Ndanda, njia ya kwenda shule. Akifika miaka ya 1995 hadi 2005 anazungumzia ubinafsishaji, madeni ya nje, uteuzi, na watu ambao bado wapo na wanabishana. Msimulizi anageuka mtetezi, na utetezi huwa na sentensi ndefu. Viongozi wengi wakiandika maisha yao hupatwa na hali hiyo, kwa hiyo si aibu ya Mzee Mkapa peke yake. Ila usimpime kwa kurasa zinazochosha. Mpime pale panapouma. Mauaji ya Januari 2001 Zanzibar anayagusa, na anakiri kuwa yamebaki doa kwenye uongozi wake. Soma hapo polepole. Tazama amewapa nafasi gani waliokufa, amejibebesha nini yeye mwenyewe na amewabebesha nini wengine. Kisha useme kama umeridhika. Mimi nilimheshimu kwa kulisema, na bado nilitamani aseme zaidi.

Lipo pia jambo la kwetu la kulifuatilia. Kabla ya Daraja la Mkapa pale Rufiji, lenye urefu wa mita 970 na lililofunguliwa 2003, mtu wa Mtwara au Lindi akienda Dar es Salaam alikuwa anategemea kivuko cha Ndundu, na masika barabara ilikuwa inatukata kabisa na nchi. Kwetu daraja hilo ndilo urais wake. Shika kitabu, tafuta limepewa nafasi kiasi gani, linganisha na nafasi waliyopewa wafadhili na mikutano ya kimataifa. Ukiandika hilo, msomaji wa Newala ataelewa mara moja unapima kwa mizani gani. Na kama kikundi chenu kina watu ambao Kiingereza kinawachelewesha, wekeni pembeni yake Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, kilichotoka 2021 kwa Kiswahili. Kusoma marais wawili kwa pamoja kunafundisha mengi kuliko kumsoma mmoja, hasa pale wanapopita juu ya miaka ileile.

Kinjeketile sasa, na hapa nataka nikae nawe kidogo, kwa sababu umegusa kitu kikubwa kuliko ulivyokisema.

Ebrahim Hussein ni mzaliwa wa Kilwa, na tamthiliya hii ilitoka 1969. Kwa hiyo si mgeni aliyekuja kuandika habari zetu. Ni mtoto wa mkoa wa Lindi. Hata hivyo, katika maelezo yaliyotangulia tafsiri yake ya Kiingereza ya 1970, ameandika wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, si picha ya yule mtu wa historia. Yule wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa Nandete kung'oa pamba na vita kuanza. Huyu wa jukwaani Hussein amempa mzigo wa namna nyingine. Amepandwa na mzimu, amewapa watu maji na neno la umoja, kisha anagundua kwamba ndani ya neno hilohilo kuna ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Maana yake watamtoa bwana mmoja waingie kwa mwingine. Neno limeshatoka kinywani, watu wameshalishika, hawezi kulirudisha. Mwishoni anatakiwa na Wajerumani aseme maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa akisema hivyo atawanyang'anya watoto watakaokuja kile walichokufia baba zao.

Kwa hiyo ukisema "huyu si yule wa bibi yangu", mwandishi mwenyewe atakujibu: kweli, na nilikuambia. Hapo hujamkosoa bado. Lakini una hoja nyingine iliyojificha ndani ya swali lako, na hiyo ina nguvu. Tamthiliya inauliza kuhusu kiongozi na neno lake. Bibi yako alikuwa anazungumzia waliobaki. Njaa imo mwanzoni mwa tamthiliya, wanawake wanalalamikia chakula kwa kuwa nguvu za watu zimekwenda kwenye shamba la Bwana Kinoo. Ile njaa ya pili, iliyokuja Wajerumani walipochoma vyakula na vijiji, haimo, maana pazia limeshafungwa. Nayo ndiyo iliyoua watu wengi zaidi kuliko risasi. Bibi yako hakukosea kuyataja maji mara moja tu. Mama yake alikuwa na watoto wa kulisha.

Je, Hussein alikuwa na wajibu wa kuandika njaa hiyo? Kwa maoni yangu hapana. Tamthiliya inachagua saa yake, na hii ilichagua saa ya shaka ya mtu mmoja, ikaibana kwa ustadi ambao hadi leo wachache wameufikia. Lakini wewe una wajibu wa kusema kwamba saa nyingine ipo. Miaka ya sitini wanahistoria Gwassa na Iliffe waliwasikiliza wazee na kuchapisha kumbukumbu zao, na kabla yao mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, alikwisha kuitungia vita hiyo utenzi. Kusini kumekuwa na sauti yake. Iliyopungua ni sauti ya akina bibi yako.

Nakuomba basi uyaandike maoni ya Kinjeketile kwa sehemu mbili na usizichanganye. Kwanza tamthiliya yenyewe: nini kimekushika, wapi imelegea. Halafu simulizi ya bibi: alikuwa nani, alizaliwa wapi, alisikia kwa nani, alitaja vijiji gani, ming'oko ilichimbwa wapi na iliandaliwaje. Kama shangazi au wajomba wako Kipatimu bado wapo, waulize nao kila mmoja kwa wakati wake. Kuwa mwangalifu hapo, kwa sababu wengi wetu tumeisoma tamthiliya darasani kabla hatujawauliza wazee, na mengine tunayoyaita ya wazee yametoka jukwaani. Ukisikia mzee anasema maneno yanayofanana sana na ya kitabu, muulize kwa upole aliyasikia lini.

Umenitaka nikuonyeshe njia, kwa hiyo nitasema na mimi juu ya vitabu viwili nilivyomaliza karibuni, vyote vya huku. The Magic of Saida ya M. G. Vassanji, ya 2012, ni riwaya ya daktari anayerudi Kilwa kutoka Canada kumtafuta msichana wa utotoni, mjukuu wa mshairi mzee. Sehemu za Kilwa zimenishika kabisa: mtoto na babu yake mshairi, deni la mshairi kwa wakubwa wa Kijerumani, na kivuli cha Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani akanyongwa Kilwa Kivinje 1895, pale tunapopaita Mwembe Kinyonga. Sehemu za Canada nilizipita kama mtu anayesubiri basi. Saida mwenyewe hakupewa nafasi ya kutosha kusema. Anatafutwa kurasa nyingi kuliko anavyosikika, na kwangu hilo ni pungufu kubwa la riwaya inayobeba jina lake.

Cha pili ni African Dinosaurs Unearthed cha Gerhard Maier, cha 2003, kuhusu uchimbaji wa mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, pale Tendaguru, Lindi. Ni kazi ya subira kubwa. Amefuatilia misimu ya 1909 hadi 1913 karibu sanduku kwa sanduku, mifupa ikibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mmoja wa mijusi hao akaishia Berlin amesimama zaidi ya mita 13. Nimejifunza mengi humo na ningependa kila mwalimu wa Lindi akisome. Lakini kimejengwa juu ya shajara, barua na ripoti za wageni, kwa hiyo wachimbaji wetu tunawaona kupitia macho ya waliowalipa. Msimamizi Boheti bin Amrani anajitokeza kwa jina na kwa ustadi wake, nami kila alipotajwa nilipunguza mwendo nisome vizuri. Wengine wengi ni idadi. Simlaumu Maier kwa karatasi ambazo hakuandikiwa. Nasema tu kwamba nilipofika mwisho nilikuwa nawajua maprofesa kwa tabia zao, na sikumjua hata mpagazi mmoja.

Umeona nilivyofanya: nimesema kilichonishika, kilichonichosha, kosa ninaloliona la mwandishi, na lile ambalo si kosa lake bali limeniacha na njaa. Usichanganye haya mawili ya mwisho. Wasomaji wengi wakali huangukia hapo, wanamhukumu mtu kwa kitabu ambacho hakukusudia kukiandika.

Kuhusu lugha, andika Kiswahili. Vitabu vingi kuhusu mikoa yetu vimeandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, na maoni juu yake pia. Ukiandika Kiswahili, shangazi yako wa Kipatimu ataweza kukusahihisha, na masahihisho yake yana thamani kuliko ya kwangu. Kitabu ukikisoma kwa Kiingereza, kisimulie kwanza kwa ufupi, usidhani msomaji wako amekiona. Vilivyoadimika huku muulize mkutubi wa maktaba ya mkoa, au mwagize mtu Dar es Salaam akuwekee kwenye basi.

Kinachofuata kukisoma ni Afterlives ya Gurnah huyohuyo, ya 2020. Humo kuna kijana mwingine, Hamza, ambaye naye alijiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yake, na safari hii mwandishi hafungi kitabu kijana anapokimbia. Tunaingia naye kambini, tunamwona afisa anayemfundisha Kijerumani, tunarudi naye nyumbani akiwa na jeraha. Kisome ukiwa bado na hasira za Peponi. Ukimaliza niandikie kama bado umemkasirikia Yusuf.